Hiyo i7 Mnayoisifu Ni ya Mwaka Gani?

Katika mkutano wa chama chetu huko Kangemi tulikuwa tukichangia kompyuta ya binti wa mwenzetu, aliyeingia mwaka wa pili wa usanifu majengo. Pesa zilikuwa zimetimia. Kilichobaki ni kukubaliana nani aende mjini na anunue nini. Ndipo mzee mmoja anayeheshimika, mtu wa ofisi, akatoa neno lililofunga mjadala: "Msimnunulie mtoto i3. i3 ni ya saiba. Hakikisheni ni i7." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mweka hazina akaandika "i7" kwenye daftari na kuipigia mstari.

Nina hasira tangu siku hiyo, na si kwa mzee huyo peke yake. Imani hii nimeikuta Kawangware na nimeikuta Lavington. Nimeisikia kwa walimu, kwa mapasta, kwa vijana waliosomea teknolojia na ambao wangepaswa kujua zaidi. Watu wasiopatana kuhusu siasa wala kuhusu Gor Mahia na AFC Leopards wanapatana kwa hili: i7 inaishinda i5, i5 inaishinda i3, habari imekwisha. Ni uongo, na uongo huu unakula akiba za watu wasio na akiba.

i7 si kipimo cha nguvu. Ni jina la daraja ndani ya kizazi kimoja cha prosesa. Intel ilianza kuuza prosesa zenye jina hilo Novemba 2008, na tangu hapo imelibandika kwenye kizazi baada ya kizazi. i7 ya kizazi cha nne inaizidi i5 ya kizazi cha nne. Hapo ndipo ubora wake unapokomea. Kinachokuambia umeshika nini ni namba zinazofuata baada ya kistari, na hizo ndizo hakuna anayezisoma.

Chukua i7-4770, ambayo imejaa ndani ya kompyuta za mtumba kutoka Uingereza zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue, mara nyingi ikiwa ndani ya Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1. Ile 4 ya mwanzo ni kizazi. Prosesa hiyo ilitoka Juni 2013; mtoto aliyezaliwa mwezi huo sasa yuko sekondari msingi. Ina viini vinne na nyuzi nane. Sasa chukua i3-12100, ile "ya saiba", iliyotoka Januari 2022. Nayo ina viini vinne na nyuzi nane. Lakini kila kiini chake kinafanya kazi kwa kasi inayokiacha kile cha 2013 mbali sana, na ukizipima kwa kazi nyingi kwa pamoja, i3 inakaribia kuwa mara mbili ya i7. Ndiyo, i3. Programu za uchoraji wa majengo kama AutoCAD hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja kuliko wingi wa viini, kwa hiyo binti yetu wa usanifu angeiona tofauti hiyo kila anapozungusha mchoro wake.

Namba ya kizazi inaamua pia namna mashine inavyofungua video. Video zinazorekodiwa na simu nyingi za leo, iPhone zikiwemo tangu 2017, huhifadhiwa kwa mfumo wa HEVC. Chipu za Intel zilipata saketi kamili ya kuufungua mfumo huo kuanzia kizazi cha sita. i7 ya kizazi cha nne hulazimika kuufungua kwa nguvu za viini vyake, ndiyo maana vijana wa Kangemi wanaohariri video za harusi wanasubiri picha isogee huku feni ikivuma. Wakiulizwa wanalaumu programu, au wanalaumu virusi. i7 haiguswi na mtu, i7 imeshatakaswa.

Kwenye laputopu hali ni mbaya zaidi. Kuna i7 zenye viini viwili tu. i7-6600U, inayopatikana ndani ya HP EliteBook 840 G3 zilizotapakaa mjini, ina viini viwili. i5-8250U iliyotoka 2017 ina vinne. Mwenye i7 anatembea kifua mbele kwa sababu ya kibandiko kilicho karibu na kibodi.

Nilipolisema hili kwa watu, jibu nililopewa mara nyingi ni kwamba i7 "inauzika tena haraka." Tafakari hoja hiyo. Tunamnunulia mwanafunzi kifaa cha kazi ya miaka mitano huku tukiwaza jinsi ya kumwachia mtu mwingine mzigo huo huo. Inauzika haraka kwa sababu mnunuzi anayefuata naye hasomi namba. Mwingine akaniambia kompyuta hizo zilitoka kwenye ofisi kubwa za Ulaya, kwa hiyo ni imara. Ofisi hizo zilizitoa kwa sababu zilikuwa zimemaliza kazi nazo! Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yake ya prosesa za Intel zinazokubalika kwa Windows 11 inaanzia, kwa ujumla, kizazi cha nane. Mzungu ameondoa mzigo wake, amelipwa, na sisi tunaupigia mstari kwenye daftari la chama.

Hivi ndivyo tulivyo katika mambo ya teknolojia nchini Kenya: tunatazama jina la kifaa, hatuulizi kazi yake. Katika uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi laputopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 zikaja tableti, na nchi nzima ikabaki kuhesabu vifaa vilivyofika shuleni. Ni wangapi waliouliza watoto wanafanya nini navyo?

Nirudi kwenye pesa. Kila shilingi inayomwagwa kwenye jina i7 inaondolewa mahali inapohitajika. Nimeona mashine za i7 zenye diski ya zamani ya kuzunguka, ile inayosoma kama megabaiti 150 kwa sekunde ikiwa na afya, wakati SSD ya kawaida ya SATA inafika 500 na zaidi. Nimeona i7 yenye kipande kimoja cha RAM cha gigabaiti 8 kilichochomekwa peke yake, huku nafasi ya pili ikiwa wazi. Vipande viwili vya 4 vingefungua njia mbili za kupitishia data, na kwa kompyuta isiyo na kadi ya picha hilo ni jambo kubwa, kwa sababu picha nazo zinachota kutoka RAM hiyo hiyo. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, viwanda vikielekeza chipu kwenye seva za akili unde. Wakati kama huu, kulipia jina ni dhambi. Bei za kompyuta zenyewe zilipanda dola ilipofika takriban shilingi 160 mwanzoni mwa 2024; dola iliposhuka hadi kama 130, sikuona duka lililokumbuka kushusha.

Halafu pawa saplai, ambayo hakuna anayeiuliza. Stima ya mitaa yetu inapanda na kushuka jioni watu wote wanapopika, inakatika, inarudi kwa kishindo. Katika mazingira hayo mtu ananunua kasha la bei nafuu ambalo pawa saplai yake imeandikwa wati 500 na ukiinyanyua ni nyepesi kama imejazwa hewa. Anayechukua OptiPlex ya mtumba akitumaini kuiongezea kadi kubwa ya picha baadaye, anagundua kwamba plagi za umeme zilizomo si za kawaida, na pawa saplai yoyote ya dukani haiingii bila adapta. Atabaki na kadi ndogo zinazokunywa wati 75 kutoka kwenye ubao mama, kama GTX 1050 Ti. Hapo pia awe macho, maana kadi hiyo ina bandia zake: kadi za miaka ya 2010 na 2011 zilizoandikwa jina jipya ndani ya programu yake. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua na kuziandika FAKE mbele ya jina.

Kwa binti yule ningenunua vipande na kumwita fundi aunge: i3-12100, au AMD Ryzen 5 5600G ya 2021 yenye viini sita na picha zake ndani, vipande viwili vya RAM, SSD, pawa saplai yenye alama ya 80 Plus kutoka kampuni inayojulikana. Kadi ya picha ingengoja. Herufi nazo zisomwe, si namba tu: i3-12100F haina picha ndani kabisa, na asiye na kadi ataiwasha na kutazama kioo cheusi.

Chama kilikwenda mjini na daftari lake. Muuzaji alimwambia mama wa binti, "Mathe, chukua hii, ni i7, hutajuta." Ni i7-4770. Risiti imeandika "Core i7 CPU" na chini yake "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi."

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili azifaidi kikamilifu. "Core i7" bila kizazi si taarifa. Anayefuata kwenda Luthuli kwa pesa za chama, aitishe mashine iwashwe mbele yake, afungue ukurasa wa mfumo, asome jina zima la prosesa kwa sauti hadi tarakimu ya mwisho, na asitoe hata shilingi kabla namba hiyo haijaandikwa yote kwenye risiti, pamoja na herufi yake.