Wi-Fi ya kituo: mgao ni wa simu au wa mtu?

Tangu Julai 2021, data ya intaneti nchini Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12. Kodi hiyo ilichukua nafasi ya ile ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 kwa watumiaji wa WhatsApp, Facebook na mitandao mingine. Kwa mwenye mshahara mjini Arua, hilo ni jambo la kulalamikia. Kwa familia ya Rhino Camp, Imvepi au Lobule, hasa baada ya WFP kuwaondoa watu wapatao milioni moja kwenye mgao wa chakula nchini Mei 2025, ni jambo la kuchagua: bando au sabuni. Ndiyo maana kituo chenye Wi-Fi ya bure hujaa, na watu hugombana juu ya nani "anakula" mtandao.

Ugomvi huo una hesabu zake. Tuseme kituo kina laini ya megabiti 10 kwa sekunde, na simu 40 zinapakua kwa wakati mmoja. Kama hakuna kanuni, laini haigawanywi kwa watu. Inagawanywa, kwa kukadiria, kwa kila njia ya kupakulia iliyofunguliwa. Zipo programu za kupakua haraka zinazoweza kufungua njia nane kwa faili moja. Vijana watatu wakizitumia kushusha filamu, wana njia 24, na wenzao 37 wana njia 37. Watatu hao wanaondoka na karibu megabiti 4 kati ya 10. Hawajaiba kitu. Ni kama mtu aliyefika kwenye bomba la maji na jerikani nane huku wengine wakiwa na moja moja.

Dawa ya haraka ni kuiwekea kila simu kikomo: robo megabiti, basi. Fomu ya ufadhili wa DAFI ya megabaiti 2 itashuka kwa dakika moja hivi (megabaiti moja ni megabiti nane), na filamu ya megabaiti 500 itachukua zaidi ya saa nne. Inaonekana ni haki. Lakini asubuhi, watu wakiwa watano tu, kikomo hicho hicho kinaziacha karibu megabiti 9 zimelala bure huku mwanafunzi akisubiri. Afadhali mgao unaobadilika: ruta igawe sawa kwa wale wanaotumia wakati huo. Wakiwa watano, kila mmoja anapata megabiti 2. Wakiwa 40, robo. Ruta nyingi, kwa mfano za MikroTik, zina uwezo huo tayari. Kinachohitajika ni mtu wa kuuwasha.

Hata hivyo, simu si mtu. Nyumba moja ina simu moja ya watu sita. Mfanyakazi wa shirika anaingia na simu mbili na kompyuta, na kupata mafungu matatu. Tena simu za miaka ya karibuni zinaweza kujitambulisha kwa anwani ya kubuni, kwa hiyo aliyemaliza mgao wake anaweza kurudi kama mgeni. Kuzuia video kwa jina la tovuti nako hakusaidii sana: Facebook ilipofungwa Januari 2021, watu walizoea VPN, na ruta haioni kilicho ndani yake.

Kwa maoni yangu, vocha ya namba inayotolewa mlangoni, moja kwa kila mtu, bila kuandika jina, ndiyo njia iliyo karibu na haki. Mama mwenye watoto watatu wanafunzi apewe vocha nne hata kama simu ni moja. Na isidai karatasi ya ukimbizi. Kanuni ya Uganda ni kwamba asilimia 30 ya misaada ya wakimbizi iwafikie wenyeji, kwa hiyo kijana wa Kuluva naye ana fungu lake.

Kuna tatizo jingine lisilotibiwa na vocha. Kwa seva iliyo mbali, kituo kizima mara nyingi huonekana kama mteja mmoja. Seva inayoweka kikomo kwa kila mteja itawahesabu watu 40 kuwa mmoja, na siku ya mwisho ya fomu za chuo wote watakwama pamoja. Hapo mhudumu apakue fomu mara moja, aiweke kwenye seva ndogo ya hapo kituoni, watu waichukue bila kugusa zile megabiti 10. Masomo pia yanaweza kukaa humo, kwa programu kama Kolibri au Kiwix, ambazo hazihitaji intaneti. Shirika lenye fedha kidogo lianzie hapa kabla ya kununua laini kubwa zaidi.

Mara nyingi kanuni za mgao zimo ndani ya ruta, na nywila yake anayo fundi mmoja aliye mbali. Wenyeviti wa RWC na LC1 wanaweza kudai ziandikwe ukutani kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa na Kiarabu cha Juba: vocha ni ya dakika ngapi, filamu zinaruhusiwa saa ngapi, na wa kumwona mambo yakikwama ni nani.