Kindu: Gari lipimwe kwanza, kipuri kinunuliwe baadaye

Mjini Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, kuna tabia moja inayowapotezea wenye magari fedha nyingi. Gari likipata hitilafu ya umeme, kipuri hubadilishwa kwanza, na sababu ya hitilafu hutafutwa baadaye. Tabia hiyo inaonekana wazi katika jambo ambalo wengi huliona dogo: kiti cha nyuma kinachokunjwa kwa umeme.

Jeep nyingi za miaka ya karibuni, zikiwemo baadhi ya Toyota Land Cruiser Prado na Ford Explorer, zina kiti cha safu ya tatu kinacholala na kuinuka mtu anapobonyeza kitufe. Huko zilikotengenezwa, hiyo ni starehe. Huku Maniema ni njia ya kupata riziki. Kiti kikilala, gari linabeba magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya mawese. Kikiinuka, linabeba watu. Kikigoma katikati, mwenye gari anakosa mzigo na anakosa abiria. Tena, kiti kilichoinuliwa kwa nguvu za mikono bila kujifunga sawasawa ni hatari: dereva akishika breki ghafla, mgongo wa kiti unaweza kuanguka pamoja na mtu aliyeketi.

Mambo huendaje katika garaji nyingi? Fundi anabonyeza kitufe, kiti hakisogei, naye anatoa hukumu palepale: mota imekufa. Mwenye gari anaanza kutafuta mota. Kindu haipatikani. Inaagizwa Lubumbashi, Goma, Bukavu au Kinshasa, ije kwa ndege, kwa treni au kwa lori. Majuma yanapita. Mota inafika, inafungwa, na kiti kinabaki vilevile. Fedha imekwisha kwenda, na wauzaji wachache hukubali kurudishiwa kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa kwenye gari.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mota haina kosa lolote. Haikupata umeme, au haikupewa ruhusa.

Ruhusa ni jambo ambalo magari ya zamani hayakulijua. Katika jeep hizi, kitufe hakipeleki umeme moja kwa moja kwenye mota. Kinapeleka ombi kwa kompyuta ndogo ya kiti, nayo inachunguza mambo kadhaa kabla ya kukubali. Katika magari mengi, gia lazima iwe kwenye P na mlango wa nyuma uwe wazi. Mengine yanaangalia pia kama mkanda umefunguliwa na kama betri ina nguvu ya kutosha. Sharti moja likikosekana, kiti hakisogei, hata kama kila kifaa ni kizima. Swichi ndogo iliyomo ndani ya kufuli la mlango wa nyuma ikijaa vumbi au kutu, kompyuta inaamini kwamba mlango umefungwa, na kiti kinakaa kimya. Hapo anayenunua mota anatibu mguu ilhali kinachouma ni jicho. Hatua ya kwanza haihitaji hata bisibisi: ni kusoma kitabu cha gari, kisha kutazama kama alama ya mlango wazi inawaka kwenye dashibodi mlango unapofunguliwa.

Baada ya ruhusa inafuata nguvu. Betri nzima ya volti 12, gari likiwa limepumzika, hutoa karibu volti 12.6. Ikishuka hadi 12 au chini yake, imekaribia kuisha. Injini ikiwaka, kipimo kinatakiwa kuwa kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Mjini Kindu, ambako umeme wa SNEL ni haba, betri ya gari hutumikishwa hata injini ikiwa imezimwa: kuchaji simu, kupiga muziki, kuwasha taa. Betri iliyochoka inaweza bado kuwasha redio na ikashindwa kuinua kiti. Kuipima ni kazi ya dakika moja.

Kisha kuna fyuzi, ile ambayo mafundi wengi huiita fizibli. Kuitazama kwa macho hakutoshi, kwani inaweza kuonekana nzima na kumbe imekatika. Taa ya kupimia ikiguswa pande zote mbili za fyuzi inasema kweli: ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekufa. Na fyuzi haifi bure. Imekufa kwa sababu mahali fulani umeme umepita kwa wingi usiotakiwa. Hapo ndipo desturi mbaya kuliko zote inapoingia, yaani kuweka kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi ili safari iendelee. Waya huo hautakatika. Kitakachopata moto ni nyaya zilizopita chini ya zulia, ndani ya gari lenye watu na madumu ya mafuta. Fyuzi ya bei ndogo imewekwa pale ili yenyewe ife kabla ya gari.

Nyaya za kiti cha nyuma zina maisha magumu. Kila kiti kinapolala na kuinuka, zinakunjwa mahali palepale, hadi shaba inakatika ndani huku plastiki ya nje ikibaki nzima. Mvua za Maniema, maji ya kuoshea gari, mawese yaliyomwagika na panya humaliza kazi iliyobaki. Magari yanayotoka Kasongo au Kalima huja na vumbi au matope ya njia ndefu, na kuvuka mto kwa feri kutoka Alunguli kabla ya kuingia katikati ya mji. Si ajabu kukuta plagi iliyo chini ya kiti imeota kutu ya kijani.

Kutu hiyo ndiyo inayowadanganya mafundi wengi. Waya mbovu unaweza kuonyesha volti 12 kwenye kipimo wakati hakuna kinachofanya kazi, lakini mota ikianza kuomba nguvu, volti zinaanguka. Kwa hiyo waya upimwe ukiwa kazini, kitufe kikiwa kimebonyezwa. Vivyo hivyo kwa masi, yaani njia inayorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Fundi anaweka mguu mmoja wa kipimo kwenye masi ya mota na mwingine kwenye ncha hasi ya betri, kisha mwenzake anabonyeza kitufe. Kipimo kikizidi nusu volti, njia ya kurudi ni mbaya. Dawa yake mara nyingi ni msasa na kukaza boliti, si mota mpya.

Baada ya hayo tu ndipo mota yenyewe inashitakiwa. Ikiwa ni ya nyaya mbili, inachomolewa plagi na kupewa umeme wa betri kupitia fyuzi kwa muda mfupi, mikono ikiwa mbali na kiti. Ikizunguka, ni nzima, na hitilafu iko kabla yake. Ikinguruma bila kiti kusogea, huenda meno ya chuma yamekwama, au kuna sarafu au mawe kwenye reli ya kiti. Ikinyamaza kabisa, hapo sasa inaruhusiwa kuitwa maiti. Katika magari mengine, kompyuta husahau mahali kiti kilipo baada ya betri kutolewa, nayo huhitaji kufundishwa upya kwa utaratibu ulioandikwa katika kitabu cha gari. Hakuna kipuri kinachonunuliwa hapo.

Skana nayo isiabudiwe. Namba inayoonekana kwenye skana inataja eneo la hitilafu, lakini haimtaji mwenye kosa. Ikisema mota ya kiti, inaweza kuwa mota, waya wake, plagi yake au masi yake. Na kuna mpaka ambao fundi yeyote hapaswi kuuvuka kwa kubahatisha: plagi za njano, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa na mikanda inayojikaza. Nyaya hizo haziguswi kwa taa ya kupimia. Ajali yake inaweza kumjeruhi fundi mwenyewe.

Lawama isiwaangukie mafundi peke yao. Wengi wa Kindu walijifunza kwenye magari yaliyokuwa na nyaya chache, wakajifunza vizuri, na ndio wanaofanya magari ya Maniema yatembee mpaka leo. Tatizo kubwa liko kwenye malipo. Mwenye gari anakubali kulipa kipuri kwa sababu anakishika mkononi. Akiambiwa alipe saa moja ya kupima, anauliza: umefanya nini? Kwa hiyo fundi anayepima kwa uangalifu na kukuta waya uliokatika anapata fedha kidogo kuliko yule anayebahatisha na kuuza mota. Mji unaolipa vipuri na kukataa kulipa ujuzi usishangae ukijaa wabadilishaji na kukosa wachunguzi.

Wapo watakaosema kwamba raia hana fedha ya kulipia vipimo. Ni kweli kwamba maisha ni magumu. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mwenye fedha kidogo ndiye anayeumia zaidi akinunua kifaa kisichohitajika. Mahali ambapo vipuri viko jirani, kubahatisha ni hasara ndogo. Kindu, ambako kipuri kinasafiri mamia ya kilometa, usafiri peke yake unaweza kuzidi malipo ya kupima. Wengine watasema kiti cha umeme ni anasa ya matajiri. Lakini utaratibu huu ndio unaotumika kwa pampu ya mafuta, taa, vioo na stata, hata kwa pikipiki za teksi zinazobeba mji mzima. Aliyejifunza kwenye kiti amejifunza gari.

Kipo kinachoweza kubadilishwa bila kungoja Kinshasa. Kupima kuwe na bei yake, ikubaliwe kabla kazi haijaanza, na ilipwe hata kama kilichopatikana ni kutu tu. Fundi aandike kwenye karatasi alichopima na namba alizoziona: betri, fyuzi, waya, masi, mota. Karatasi hiyo inamlinda mwenye gari asidanganywe, na inamlinda fundi asishitakiwe kwa kosa la mwingine. Kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenye gari. Wenye garaji wawape vijana kipimo cha umeme mapema, si bisibisi na nyundo tu. Shule za ufundi na INPP, iliyoundwa mwaka 1964 ili kuinua ujuzi wa wafanyakazi, ziweke masomo mafupi ya umeme wa magari kwa mafundi walio kazini tayari, katika saa ambazo garaji zimefungwa. Na wanaokagua magari barabarani wasiishie kwenye makaratasi: wasukume mgongo wa kiti cha nyuma waone kama umefunga, na wafungue kisanduku cha fyuzi waone kama kuna waya wa shaba ndani.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Fundi anayepima anaiuliza gari swali moja baada ya jingine, nayo inajibu kwa namba. Kinachobaki ni wenye magari wa Kindu kukubali kwamba swali hilo ni kazi, na kwamba kazi hulipwa.