Kubofya si Kujifunza

Vyuo vyetu vimo mbioni kuhamishia masomo kwenye kompyuta. Slaidi zinapakiwa, mwanafunzi anabofya “endelea” hadi mwisho, na mfumo unatangaza kwamba amehitimu. Nauliza: amemaliza somo, au amemaliza kurasa?

Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa Marekani, Merlin Wittrock, alieleza kwamba kujifunza ni kuzalisha maana kwa kuunganisha jambo jipya na yale tunayoyajua. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha gharama ya kulipuuza hilo. Waliosoma matini mara nne walikumbuka, baada ya wiki moja, asilimia 40 tu. Waliosoma mara moja, kisha wakajilazimisha kuikumbuka mara tatu bila kuitazama, walikumbuka asilimia 61. Ajabu ni kwamba dakika tano baada ya somo, waliorudia kusoma ndio walioongoza.

Basi lile jaribio fupi linalotolewa video inapokwisha linatudanganya. Somo la kompyuta lenye maana humsimamisha mwanafunzi, likamtaka afupishe kwa maneno yake, achore mchoro, ajiulize, amweleze mwenzake.

Naijua sababu ya kulikwepa: majibu ya namna hiyo yanahitaji mwalimu wa kuyasoma, na mwalimu hulipwa. Tumechagua urahisi wa kuhesabu mibofyo. Lakini muuguzi aliyehitimu kwa kubofya atasimama mbele ya mgonjwa, na pale hapana kitufe cha “endelea”. Wanafunzi, daini kufikirishwa. Ada mnazolipa si za kutazama slaidi.