Kivuli Kilichozaliwa na Uhaba

"Pasipo vifaa hakuna kufundisha." Neno hili nililisikia mno nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na hata leo nalikataa. Shahidi wangu ni mchezo wa kompyuta, kitu ambacho walimu wengi hukiita upuuzi wa watoto.

Mwaka 1989 Mmarekani Jordan Mechner alitoa Prince of Persia kwa kompyuta ya nyumbani iitwayo Apple II. Kijana anaruka mashimo na kupigana kwa upanga, apate kumwokoa binti mfalme kabla ya dakika 60 kwisha. Mechner alimpiga mdogo wake picha za video akikimbia na kuruka, kisha akazifuatisha kwa kuchora. Michoro hiyo ikajaza kumbukumbu ya mashine, hata nafasi ya kumchora adui ikakosekana. Je, alikaa akilalamika? La hasha! Alichukua michoro ileile ya kijana, akaigeuza kidogo, akapata kivuli chake. Kikawa adui wa ajabu: ukikijeruhi, unajijeruhi. Dawa ni kurudisha upanga katika ala. Walinzi wenye panga walifuata baadaye, alipobana hapa na pale.

Sisemi serikali isilete vitabu. Ilete, tena upesi. Lakini mwalimu anayengoja ghala lijae ndipo afundishe, anawaibia watoto mwaka ambao hawataupata tena. Mawe ya kuhesabia yamejaa uani, na watoto wamekwisha kuketi. Ndugu mwalimu, unangoja nini?