Mnunuzi wa Sufuria Asifichwe Risasi

Mwananchi wa Ulemo, wilayani Iramba, anapokwenda mnadani kununua mbuzi humpapasa mgongo, humfungua kinywa akamtazama meno, na asiporidhika humhoji mwenye mali mpaka jasho limtoke. Akinunua mtama huuchota kiganjani na kuung'ata. Lakini mwananchi huyo huyo akifika penye sufuria za kusubu, zile nzito zinazotengenezwa kwa mikono kutokana na vyuma chakavu, huigonga moja kwa kidole, hulipa, na kuondoka. Hakuuliza kitu na hakuambiwa kitu. Si kwamba mtu huyu ni mjinga. Amenyimwa habari ambayo ingemwezesha kuuliza.

Habari aliyonyimwa ni ya madini ya risasi. Madini haya ni laini na mazito, nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, wakati alumini hungoja mpaka 660. Fundi anayesubu sufuria hutia motoni kila kipatikanacho: vipande vya injini, pistoni, rejeta zilizotiwa lehemu, vyombo vya umeme vilivyokufa, na pengine mabaki ya betri za magari yaliyojipenyeza ndani ya gunia la chakavu. Motoni vyote huwa uji mmoja unaong'aa. Uji huo ukishamiminwa kwenye kalibu ya mchanga na kupoa, hakuna jicho la binadamu linaloweza kutenga alumini na kisichokuwa alumini. Sufuria yenye risasi haina harufu, haina rangi yake, wala haibadilishi ladha ya mchuzi.

Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini vya namna hii kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walivichemsha kwa saa mbili pamoja na asidi hafifu kama ile ya siki, ili kuiga mapishi ya kawaida. Vyombo 15 vilitoa maikrogramu 1 ya risasi au zaidi kwa kila mlo. Msomaji na akumbuke yale yanayopikwa humo majumbani: uji uliotiwa ndimu au ukwaju, maharage ya nyanya, na togwa inayoachwa kulala sufuriani usiku kucha. Uchachu ndio unaoing'oa risasi kutoka kwenye chombo na kuitia katika chakula, na kuchemsha sana hakuiondoi.

Jambo hili linawahusu walimu kuliko wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na hufyonza zaidi akiwa na upungufu wa madini ya chuma. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi mifupani. Na mwanamke akichukua mimba, mifupa huitoa tena ikamfikia mtoto tumboni. Mara nyingi hakuna homa wala upele. Kinachoonekana, miaka kadhaa baadaye, ni mtoto asiyetulia darasani, anayesahau leo herufi alizozijua jana, na ambaye mwalimu humwita mzito. Ni kweli kwamba uzito huo una sababu nyingi, na njaa ni mojawapo kubwa. Lakini risasi nayo ni sababu, na haiulizwi kamwe. Ripoti iliyotolewa mwaka 2020 na UNICEF pamoja na shirika la Pure Earth ilikadiria kwamba mtoto 1 kati ya kila 3 duniani ana risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi, yaani watoto wapatao milioni 800. Wengi wao wanaishi katika nchi maskini. Ubongo uliokwisha kuharibiwa na risasi haurudishwi na dawa.

Wapo wanaotetea ukimya, na hoja yao kubwa ni huruma. Wanasema fundi wa sufuria ni mnyonge anayetafuta riziki kwa jasho lake, hivyo kumtaka atangaze kwamba chombo chake huenda kina sumu ni kumnyang'anya tonge mdomoni. Huruma ya namna hiyo haina msingi. Mnunuzi wa sufuria ya bei ndogo naye ni mnyonge. Tajiri ananunua ya dukani. Na fundi mwenyewe ndiye wa kwanza kudhurika, kwa kuwa moshi na vumbi la tanuri huingia mapafuni mwake kabla sufuria haijafika mnadani, na jioni hurudi nalo nyumbani katika nguo anazozikumbatia wanawe. Anayefaidika kweli na ukimya huu ni mlanguzi wa chakavu, yule anayechanganya betri na injini katika gunia moja ili mizani iseme zaidi, naye haonekani penye moto wala penye uji.

Wengine husema wazee walizitumia sufuria hizi na wakaishi. Wazee walipikia vyungu vya udongo, na sufuria zikaja baadaye. Isitoshe, hakuna aliyewapima damu.

Matokeo ya kutoambiwa yalikwisha kuonekana jirani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendeshwa katikati ya nyumba za watu, na wakazi hawakuelezwa kilichokuwa kikitoka humo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipata kujua pale mwanawe mchanga alipougua na kukutwa na risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kupigana kwa miaka. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ndipo ikumbukwe kwamba haki hiyo ilikuja muongo mzima baada ya tanuri kuzimwa, na baadhi ya waathiriwa hawakuwahi kuiona.

Kumwambia mnunuzi si jambo la ajabu wala la gharama. Katika jimbo la Marekani la California, wananchi walipiga kura mwaka 1986 kupitisha sheria inayodai mnunuzi aonywe kuhusu vitu vyenye sumu kama risasi. Wapo mafundi wa vioo vya rangi, wanaounganisha vipande kwa vijiti vya risasi, ambao hutia kikaratasi pamoja na kila pambo: lina risasi, osha mikono ukilishika, usiwaachie watoto. Watu wanaendelea kuyanunua, wakijua wanachokinunua. Na hilo ni pambo la dirishani, ambalo hakuna anayelipikia uji!

Shirika la Viwango liliundwa mwaka 1975, na SIDO lilikuwa limetangulia mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo hivi hivi. Vyombo hivyo viwili vina wataalamu, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara. Kinachotakiwa ni wataalamu hao kutoka ofisini na kifaa cha kupimia mpaka kwenye matanuri na minada, wamfundishe fundi kutenga chakavu cha betri, lehemu na vyombo vya umeme, na kumpa alama ya kugonga kwenye sufuria iliyopimwa. Isiyopimwa iuzwe ikitajwa hivyo, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile inayotangaza bei. Bwana afya wa kata anaweza kuanza na minada iliyo karibu naye bila kungoja waraka.

Shule nazo zisingoje. Kamati inayonunua sufuria kubwa ya uji imwulize muuzaji imesubiwa wapi na kwa chakavu gani, na jibu liandikwe katika daftari la vifaa. Akishindwa kujibu, fedha ya wazazi inunue ya chuma cha pua, hata kama itabidi kungoja muhula mwingine. Na kwa sasa ukwaju na ndimu vitiwe uji ukiwa tayari kikombeni.