Madawati Hayatembei

Kuna watu wakiona waya kwenye maabara ya kompyuta wanaona ushamba. Kwao Wi-Fi ndiyo maendeleo. Hao ndio wanaotuharibia maabara za shule, na ni wakati waambiwe.

Chukua shule yoyote pale Nyanchwa, kilimani juu ya mji wa Kisii. Haina pesa za kompyuta mpya 20. Inakusanya 20 kuukuu zisizo na diski na kuziunganisha na seva moja yenye nguvu. Kazi yote inafanyika kwenye seva. Zile 20 ni skrini na kibodi tu. Wazo ni poa, na si geni: mradi wa LTSP umetoa programu ya kufanya hivyo bure tangu 1999.

Lakini kompyuta isiyo na diski haina chake. Hata kuwaka inasubiri seva iitumie mfumo kupitia mtandao, na kwa Wi-Fi kompyuta nyingi kuukuu hazijui kufanya hivyo. Basi muuzaji anaongeza diski, anaongeza vifaa, anaongeza bei. Nafuu imeyeyuka.

Halafu kuna hesabu. Wi-Fi ya aina ya g imeandikwa megabiti 54 kwa sekunde. Ukweli ni kama nusu, na hiyo nusu wanagawana wote 20, maana hewa ni moja na wanaongea kwa zamu. Ruta mpya ina kasi zaidi, sawa, lakini bado inagawa hewa hiyohiyo. Swichi ya bei ya chini inampa kila mmoja waya wake wa megabiti 100. Mwanafunzi akisogeza mausi na mshale ukabaki umeganda, hajifunzi kompyuta, anajifunza kusubiri. Na mtihani wa vitendo wa KCSE haumsubiri.

Sisemi Wi-Fi haina kazi. Kama seva iko jengo la juu na maabara iko chini ya mteremko, rusha Wi-Fi kati ya majengo hayo mawili. Radi ya Kisii si mchezo, na kuning'iniza waya wa shaba nje ni kuialika. Ila ndani ya chumba, vuta waya. Simu hutembea, laptopu hutembea. Dawati linataka Wi-Fi ya nini?

Mzazi, mjumbe wa bodi, mfadhili: siku ya kukabidhiwa maabara, usikimbilie picha. Washa zote 20 kwa pamoja, kila moja ifungue programu, ndipo utie sahihi. Zikikwama, mwambie fundi arudi na waya.