Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Bado Twasema Hivyo?



Leo nina jambo la kuungama kabla sijatoa nasaha, maana haifai mtu kufagia ua wa jirani na wake umejaa taka.

Juma lililopita, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa nikipita katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale hapa Mombasa. Kwenye baraza ya nyumba moja alikuwa ameketi kijana, mkoba u miguuni pake, midomo imemkauka, amejiinamia. Msikiti ulio karibu ulikwisha kutiwa kufuli, kama ilivyo desturi ya misikiti mingi siku hizi sala ikisha. Mara dirisha la ghorofani likafunguka, na sauti ikamshukia: "Ondoka hapo! Hapa si stesheni." Kijana akainuka pasi na neno, akashika njia. Aliponipita ubavuni akanitolea salamu. Nikaiitikia, nikaenda zangu nyumbani kula.

Niliitikia tu. Sikumwuliza atokako wala aendako, wala sikumwuliza kama amekunywa maji tangu asubuhi. Nilipotia tonge la kwanza kinywani likanikwama, kwani hapo ndipo nilipoikumbuka Witu.

Msafiri wa leo atokaye Mombasa kwenda Lamu huipita Witu juu ya lami, na akisinzia kidogo hatajua kuwa ameipita. Ni mji mdogo, kando ya njia itokayo Garsen kwenda Mokowe. Lakini mji huo una kisa chake. Katika karne ya 19, Ahmed bin Fumo Luti, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyejulikana kwa jina la Simba, alipozidiwa na nguvu za Sultani wa Zanzibar alihamia bara akafanya makao yake hapo. Waliomfuata hawakuwa jamaa zake peke yao. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kwake, na watu waliogombana na watawala wa miji yao, na kila aliyekuwa hana pa kuegemea. Sisemi kwamba ulikuwa mji wa malaika. Watu wake walivamia mashamba ya wenziwao, na wenye mashamba wakawaita wanyang'anyi. Mwaka wa 1890 Waingereza waliuendea kwa jeshi wakautia moto. Hata hivyo mji haukufa. Muradi wangu ni huu: Witu ni mji ambao wengi wa waliouanza waliingia wakiwa wageni, tena wageni wenye hofu.

Mimi niliingia Witu Januari ya mwaka 1998, ndani ya Mwezi Mtukufu wa Ramadhani. Ile ndiyo iliyokuwa mvua ya El Nino. Mto Tana ulikuwa umefurika na njia ya Garsen imekuwa bahari. Nilikuwa natoka Lamu kumzuru shangazi yangu mgonjwa, narudi Mombasa juu ya lori la nazi. Tulipofika Witu dereva akasema mbele hakuendeki. Mimi homa ilikuwa imenishika tangu Mokowe. Niliteremshwa kama gunia, nikajilaza barazani pa msikiti, natetemeka na jua li utosini.

Sasa kumbukeni huo ulikuwa wakati gani. Tangu Desemba, upande wa Garissa watu na mifugo walikuwa wakifa kwa maradhi ambayo mwanzo hayakujulikana, hata madaktari walipoyatambua kuwa ni homa ya Bonde la Ufa. Habari za watu kutokwa na damu zilikuwa zimeenea kuliko maji yenyewe ya mto. Fikirini basi: mtu msiyemjua, mwili unamwaka moto, amelala mlangoni pa msikiti wenu. Nani angaliwalaumu watu wale lau wangalinirushia mkate kwa mbali, kisha wakafunga milango?

Akaja mzee mmoja, kikoi kiunoni na bakora mkononi. Hakunigusa. Alichuchumaa mbele yangu akaanza kuniuliza.

"Mwanangu, watoka wapi?"

Nikamwambia, Lamu.

"Si Garissa?"

Si Garissa.

"Umechinja mnyama siku hizi, au umekula kibudu?"

La, mzee wangu.

"Damu yakutoka puani?"

La.

"Wewe ni mwana wa nani?"

Nikamtajia baba yangu, hakumjua. Nikamtajia babu yangu, hakumjua. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akawageukia vijana waliokuwa wamesimama nyuma yake. "Basi," akasema, "hata tusipowajua, ni wazee wa mtu. Mwinueni."

Nikapelekwa kwa bi mkubwa mmoja, mjane, nikalazwa ukumbini juu ya kitanda cha kamba, na mjukuu wake wa kiume akawa analala hapo hapo mlangoni. Bi mkubwa yule amefunga, na mimi mgonjwa sheria imeniruhusu kula. Kwa hiyo kila mchana alikoka moto akanipikia uji wa mchele kwa pilipili manga, akiuonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kuutema, hali yeye mwenyewe hajatia kitu tumboni tangu daku. Vidonge vya malaria nililetewa na kijana wa Kigiriama, Mkristo, aliyekuwa akifanya kazi zahanati. Alikuja na tope magotini siku tatu mfululizo. Mzee wa Kiorma akaleta maziwa katika kibuyu. Bi mkubwa akayapokea kwa shukrani, kisha akayachemsha mpaka yakakaribia kuungua. Nilipomtazama alicheka akasema, "Mwenyezi Mungu ametupa imani, na akili pia ametupa."

Siku ya nne nikasimama. Nikatia mkono mfukoni nikatoa fedha kidogo nilizokuwa nazo, nikampelekea yule mzee wa kikoi. Akazisukuma. "Siku tatu za ugeni zimekwisha," akaniambia. "Leo twakupa jembe." Jembe lenyewe lilikuwa chuo. Mwalimu wao alikuwa amezuiliwa na maji ng'ambo ya pili, na watoto wanazurura mchana kutwa. Alikwisha kunisikia nikisoma usiku katika homa, akajua nimepita chuoni. Nikakaa siku tisa nikiwasomesha juzuu ya Amma, mpaka ilipopatikana njia ya mtumbwi wa kunivusha. Siku ya kuondoka watoto walinisindikiza hadi penye maji, na bi mkubwa alinifungia mikate ya mofa katika jani la mgomba.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi nimekihadithia kisa hiki kama kisa cha huruma. Watu husikia wakatikisa vichwa, wakasema, "Watu wa zamani walikuwa wema." Hapo hujidanganya, nami hujidanganya pamoja nao. Watu wa Witu hawakunipokea kwa sababu mioyo yao ilikuwa laini kuliko yetu. Walinipokea kwa sababu walikuwa na kanuni waliyorithi, na kanuni hiyo ina sehemu tatu: swali, sahani na jembe. Kwanza mgeni huulizwa. Kisha hulishwa. Kisha, siku zake zikisha, hupewa kazi awe mtu miongoni mwa watu. Ukitoa sehemu moja, hizo mbili huanguka.

Kanuni hii si ya jana wala si ya Witu peke yake. Ibn Battuta alipoteremka pwani hizi mwaka wa 1331, alieleza namna alivyopokewa Mogadishu. Jahazi likifika, watu wa Sultani hulipandia wakauliza limetoka wapi, mwenyewe nani, nahodha nani, limechukua nini na ndani yake wamo nani. Hilo ndilo swali. Na vijana wa mji huja kwa mashua wakiwa na vyombo vya chakula vilivyofunikwa, kila mmoja akimpa mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Hiyo ndiyo sahani. Hatukatai kuwa wenyeji wale walikuwa na faida yao katika biashara. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mwanachuoni, si mchuuzi, naye alikirimiwa siku tatu kwa wali wa samli, nyama, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu.

Kisha akaja hapa kwetu Mombasa akalala usiku mmoja. Aliwasifu wenyeji kwa dini na uaminifu, na katika aliyoyaandika ni kwamba milangoni pa misikiti mlikuwa na visima, kimoja au viwili, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu, watu wakiteka maji kwa kata ya mti. Kisima cha dhiraa mbili, mlangoni, na kata juu yake: hata mtoto aweza kuteka, hata mgeni asiyejua lugha. Nawauliza wakubwa wa misikiti yetu: ufunguo wa visima vile alikuwa nao nani?

Dini yetu haikutuachia jambo hili tulifanye tukipenda. Katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, msafiri aliyekatikiwa na njia ana fungu lake. Hakusemwa msafiri wa kabila letu, wala yule tunayemjua babu yake. Na Mtume (S.A.W.) alitufunza kuwa kumkirimu mgeni ni katika imani, akaiwekea karama hiyo siku tatu, na lizidilo hapo ni sadaka. Wazee wetu nao wakaliweka kwa lugha yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi watu huutumia msemo huu kumfukuza mgeni. Mimi nilipewa jembe hilo, nami nashuhudia kwamba halikunifukuza. Lilinitia mjini.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa: wewe wataja 1998, sisi tuko leo. Nitakumbushwa Juni ya mwaka 2014, walipouawa watu zaidi ya 60 Mpeketoni na vijiji vya karibu, katika kaunti hiyo hiyo ya Lamu iliyo na Witu. Nitakumbushwa amri ya kutotoka usiku iliyofuata, na mabasi yaliyokuwa yakisindikizwa na polisi, na wana wetu walioshukiwa kwa sababu ya kanzu zao tu. Nitakumbushwa viatu vinavyoibwa misikitini na mifereji inayong'olewa. Yote hayo ni kweli, na mwenye kuyadharau hana watoto nyumbani.

Lakini hebu tujiulize kwa insafu. Yule aliyemfukuza kijana barazani, amejilinda na nini? Hakumjua jina. Hakujua atokako. Kama kijana yule alikuwa msafiri mwema, tumepoteza thawabu. Na kama alikuwa na nia mbaya, basi tumemwacha akaingia mjini na hakuna hata mtu mmoja aliyemtazama usoni. Mzee wa Witu kwa maswali matano alikwisha kujua kama mimi ni hatari au si hatari. Baraza zetu zilikuwa zikifanya kazi hiyo. Wazee walioketi pale na vikombe vya kahawa walikuwa wenyeji wa mgeni na walinzi wa mtaa kwa wakati mmoja, na hakupita mtu asiyeulizwa hali. Leo tumezizungushia vyuma, nyingine tumezivunja tukajenga maduka, kisha twalalamika kwamba hatujuani. Mlango uliofungwa hauulizi swali.

Sidai turudishe karne iliyopita. Nataka mambo madogo yaliyo katika uwezo wetu. Kamati za misikiti na zikae zitazame: ikiwa ndani hapana budi kufungwa, je, mfereji mmoja na kata haviwezi kukaa nje, na kivuli, na mzee mmoja wa zamu baina ya adhuhuri na alasiri? Wenye nyumba zenye baraza na waziache wazi, na waketi juu yake. Wenye maduka na wawape vijana waliokwama kibarua cha siku mbili badala ya shilingi ya kuwaondosha mlangoni. Na kila mmoja wetu, akiitikia salamu ya asiyemjua, asiishie hapo. Aongeze swali moja tu: watoka wapi, mwanangu?

Swali hilo ndilo lililonishinda mimi juma lililopita. Nilirudi kichochoroni baada ya kula, nikazunguka mpaka alasiri ikaadhiniwa. Sikumwona. Nimekuwa na deni la Witu kwa zaidi ya miaka ishirini na tano, lilikuja kudaiwa mlangoni pangu, nami nikaliitikia salamu na kulipita. Mola anisamehe, na anijaalie kijana yule alipata wa kumwuliza.

Namalizia kwa ubeti niliojitungia mwenyewe, nijikumbushe kwanza mimi, kisha nyinyi:

Mgeni yu mlangoni, kwa hodi anatuita,
Muulizeni ni nani, na nini anotafuta,
Mpeni maji koponi, kiu apate kukata,
Sote tumo safarini, kesho nasi tutapita.

Wabillahi tawfiq.